Taa ya Nyuma Ichaguliwe kwa Macho ya Dereva

Katika vifaa vyote vya baiskeli, taa ya nyuma ndiyo ambayo mwenyewe haioni ikifanya kazi. Breki ikilegea, mkono unajua. Cheni ikikauka, utaisikia. Taa ya mbele ikififia, utaingia shimoni na kujua papo hapo. Lakini ya nyuma ikizima ukiwa ndiyo kwanza unatoka mjini Isiolo, utakanyaga pedali hadi Ngare Mara ukiamini inawaka, na anayejua ukweli ni dereva wa lori aliye nyuma yako.

Ndiyo maana wengi huichagua vibaya. Mtu anasimama dukani saa sita mchana, muuzaji anaiwasha, wanaitazama kwa umbali wa mkono, na ile inayochoma macho zaidi ndiyo inayolipiwa. Jaribio hilo halimhusu dereva hata kidogo. Yeye ataiona akiwa mita 300 nyuma, kupitia kioo chenye vumbi, huku lori linalokuja mbele yake limewasha fulu, na kwenye keria yako umefunga mtungi wa maji wa lita 20. Nashauri tuanze na dereva huyo, halafu turudi dukani.

Isiolo iko chini ya kilomita 50 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo hatuna jioni ndefu. Mwaka mzima jua linatua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo, na nusu saa baadaye ni giza. Anayefunga kazi saa kumi na mbili na nusu, akiwa na safari ya nusu saa mbele yake, tayari ni msafiri wa usiku hata kama mwenyewe hajijui. Na si wachache: kuna walinzi wanaoingia zamu ya usiku na kutoka alfajiri, wauza makaa wanaorudi nyumbani na magunia matupu, wenye vibanda waliosubiri mteja wa mwisho, waumini wanaotoka tarawehe mwezi wa Ramadhani. Mjini taa za barabarani na zile ndefu za mulika mwizi husaidia kidogo. Ukizipita nyumba za mwisho, unabaki wewe na nyota.

Kisha kuna barabara yenyewe. Kwa miaka mingi lami iliishia hapa Isiolo, na safari ya Marsabit na Moyale ilikuwa ya vumbi na kokoto. Dereva alibembeleza gari kwa sababu barabara ilimlazimisha. Lami ilipofika Moyale katikati ya muongo uliopita, lazima hiyo iliondoka. Kutoka mjini kwenda Ngare Mara na Archers Post, barabara kuu ya A2 sasa inaalika mguu ushuke kwenye mafuta. Upande wa pili, ukipanda kuelekea Subuiga, tatizo ni jingine: mlima unakupunguza wewe hadi mwendo wa mtu anayetembea, lakini gari haulipunguzi kwa kiasi hicho, kwa hiyo linakufikia haraka kuliko unavyodhani. Sitazitaja Probox zinazokimbiza miraa. Kila mkazi anazijua.

Hesabu kidogo hapa inafaa, kwa kuwa ndiyo itakayotuambia mwanga unaohitajika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ile kasi ambayo vidhibiti mwendo vya matatu viliwekewa na sheria za waziri Michuki mwaka 2004, linameza mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona kitu, kukitambua na kukanyaga breki. Mita 33 zimekwisha na gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Kwenye lami kavu litahitaji mita nyingine 35 hivi ndipo lisimame, kwa hiyo jumla inakaribia 70. Kwa kilomita 100 kwa saa, jumla inakaribia mita 100, na lori lenye mzigo linataka zaidi. Sasa linganisha: taa za gari zikiwa zimeshushwa humwonyesha dereva mtu mwenye nguo nyeusi akiwa mita 40 au 50 tu. Mwendesha baiskeli asiye na taa huonekana pale ambapo kusimama hakuwezekani tena, hata dereva akiwa mtu makini asiyekunywa wala kusinzia.

Ukionekana kwa mita 400, mambo ni tofauti kabisa. Wewe unakwenda 15 kwa saa, yeye 80. Anakukaribia kwa mita 18 kila sekunde, kwa hiyo ana zaidi ya sekunde 20 za kupunguza, kutazama upande wa pili na kukupita kwa nafasi. Taa nzuri ya nyuma inanunua sekunde hizo.

Jambo litakalowashangaza baadhi ya wasomaji ni kwamba kuonekana mita 400 kwenye giza tupu hakuhitaji mwanga mkubwa. Balbu ya nyuma ya dainamo za zamani, zile za baiskeli za Black Mamba zilizosuguliwa na tairi, ilikuwa ya wati 0.6 tu, na katika giza la nyika ilionekana mbali. Jicho lililozoea giza hunasa nukta nyekundu kwa urahisi. Mwanga mwingi unahitajika mahali ambapo watu hawautarajii: mjini, penye taa za maduka, nduthi na matatu zinazoshindana, wakati wa magharibi, mbingu ikiwa bado na weupe na jicho la dereva halijatulia, siku ya upepo na vumbi, na zaidi ya yote, lori linapokuja upande wa pili limewasha fulu. Kwa sekunde kadhaa dereva aliye nyuma yako anafumbwa macho. Lami iliyo mbele yake inageuka ukuta mweupe, na wewe uko ndani ya ukuta huo. Taa dhaifu inamezwa. Hapo ndipo nguvu ya taa inapopata kazi yake, na kwenye A2 hali hiyo hutokea kila malori mawili yanapopishana.

Kwa hiyo ukiniuliza kiasi, nitasema hivi: kwa anayetumia barabara kuu usiku, tafuta taa inayotoa lumeni 30 hadi 50 ikiwa inawaka mfululizo, na yenye uwezo wa kupanda hadi 100 au zaidi kwa magharibi na vumbi. Kwa anayezunguka mitaa ya Bula Pesa na Kulamawe kwenye vichochoro, 20 zinatosha, na zaidi ya hapo ni kumkera aliye nyuma. Taa za lumeni 300 zinazotangazwa kwa mbwembwe zimetengenezwa zionekane mchana, juani. Usiku, ukiiwasha kwa nguvu zote, inamchoma dereva macho kiasi kwamba haoni ukingo wa barabara wala kukadiria uko mbali kiasi gani. Umemfumba uliyetaka akuone.

Angalia pia nambari yenyewe inasema nini. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye taa, kila upande. Nguvu ya mwanga unaoelekea upande mmoja hupimwa kwa kandela, na hiyo ndiyo inayomfikia dereva. Taa mbili zenye lumeni sawa zinaweza kutofautiana mno: moja ina lenzi inayokusanya mwanga na kuutupa nyuma, nyingine inaumwaga angani na kwenye madigadi. Watengenezaji wengi hawaandiki kandela, kwa hiyo macho yako ndiyo yatakayopima, na nitaeleza namna. Fahamu tu kwamba lenzi inayokusanya mwanga kupita kiasi ina kasoro yake: ukiwa kwenye kona, au dereva akiwa ameketi juu kwenye lori, anatoka nje ya mwale na taa inaonekana kama imezimwa. Taa nzuri ina mwale mkali katikati na mwanga hafifu unaotoka pembeni, ili hata anayetokea kwenye njia ya pembeni akuone ubavuni.

Nambari kubwa kwenye boksi, tena, kwa kawaida ni ya hali ya kuwaka na kuzima. Soma maandishi madogo yaliyo nyuma ya boksi. Taa iliyoandikwa lumeni 100 mara nyingi hutoa 30 au 20 ikiwaka mfululizo, na saa zinazotangazwa kwa herufi kubwa ni za ile hali dhaifu kuliko zote.

Je, iwake mfululizo au iwake na kuzima? Nchi hazikubaliani. Ujerumani inakataza taa ya baiskeli inayopepesa barabarani. Uingereza iliiruhusu mwaka 2005, kwa sharti kwamba ipepese kati ya mara 60 na 240 kwa dakika. Kila upande una hoja. Taa ya kupepesa huvuta jicho haraka, hasa penye taa nyingi. Lakini jicho likishavutwa, dereva anataka kujua uko umbali gani na unakwenda upande gani, na nukta inayopotea kila nusu sekunde haimwambii vizuri. Katika giza la barabara ya Archers Post ningeiacha iwake mfululizo. Mjini ningeipepesa. Ukiweza kununua mbili za kawaida badala ya moja ya fahari, nunua mbili: moja iwake mfululizo, nyingine ipepese. Faida yake kubwa hata si hiyo. Moja ikifa njiani, ya pili inabaki, na tulikwisha kusema kwamba mwenyewe huioni ikifa. Baadhi ya taa za siku hizi huwaka mfululizo kwa mwanga wa kadiri kisha huongeza mpigo mkali kila baada ya sekunde. Hizo zinaunganisha mambo yote mawili na mimi nazipenda.

Rangi haina mjadala. Nyuma ni nyekundu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu trafiki unataka baiskeli iwe na kiakisi chekundu nyuma na iweze kuonyesha taa nyekundu nyuma na nyeupe au ya manjano mbele. Sababu ni ya kawaida tu: nyekundu humwambia dereva kwamba kitu kinaelekea kule anakoelekea, nyeupe humwambia kinakuja. Zile nyuzi za taa za kijani, buluu na zambarau ambazo vijana wa bodaboda wamezifanya pambo, ukizifunga nyuma ya baiskeli zitamfanya dereva akuone, ndiyo, lakini atatumia sekunde zake za thamani kujiuliza anaona nini.

Tuje sasa kwenye kosa ambalo kwa macho yangu ndilo linaloua taa nyingi hapa Isiolo, na halina uhusiano na taa yenyewe. Karibu taa zote zinazoingia nchini hutengenezwa kwa mtu wa Ulaya anayepanda baiskeli bila mzigo. Hufungwa kwenye chuma kinachoshika kiti. Baiskeli ya Isiolo ina keria, na juu ya keria kuna gunia la makaa, mitungi ya maji, katoni za maziwa au mtoto wa shule. Ukishafunga mzigo, taa iko nyuma ya pazia. Hata bila mzigo, abiria aliyevaa buibui au shuka anaifunika kabisa. Hakuna lumeni zinazopenya gunia.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si la mwanga. Uliza: hii inaweza kufungwa wapi? Mahali pake ni ncha ya nyuma kabisa ya keria, chini ya usawa wa mzigo, au mgongoni mwa madigadi ya nyuma ikiwa ni ya bati gumu. Taa zenye tundu mbili za skrubu nyuma yake zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Zile za kamba ya mpira zinaweza kuhamishwa pia: mwambie fundi, "Fundi, nichomelee kipande cha chuma hapa mwisho wa keria, taa ikae nyuma ya mzigo." Ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye welda, na itakufaa kuliko kuongeza elfu moja kwenye bei ya taa. Kipande kiwe wima. Taa inayotazama chini inamulika tairi. Inayotazama juu inamulika ndege wa usiku. Ielekeze nyuma sawasawa, na isiwe chini sana karibu na ardhi, maana vumbi la gurudumu litaipaka rangi kabla hujafika.

Kamba za mpira zinazokuja na taa hazidumu kwenye jua letu. Zinapasuka polepole kisha siku moja zinakatika kwenye tuta, na taa inabaki barabarani. Kata utepe kutoka tyubu ya zamani, uzungushe mara mbili kama kinga. Tyubu ya baiskeli haina aibu.

Vumbi linastahili aya yake. Kwenye boksi utakuta herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza inahusu vumbi, ya pili maji. IPX4 inamaanisha taa inavumilia kurushiwa maji. IPX7 inamaanisha inavumilia kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Wanunuzi wengi huona 7 na kuridhika. Lakini ile X inamaanisha kwamba kinga ya vumbi haikutangazwa kabisa. Kwa mtu wa London hilo si tatizo. Kwa mtu wa Isiolo, ambako mvua huja misimu miwili na vumbi halina msimu, ningetanguliza tarakimu ya kwanza: 6 ndiyo kinga kamili ya vumbi, 5 inavumilika. Taa iliyoandikwa IP65 inatufaa kuliko ya IPX7. Kagua kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la chaji. Kikiwa kilegevu tangu dukani, kitaanguka ndani ya mwezi, na vumbi litajaa humo mpaka waya usikamate. Na kila jioni kabla ya kuondoka, futa kioo cha taa kwa kidole au leso. Vumbi la siku chache tu linaweza kula sehemu kubwa ya mwanga uliolipia.

Kuhusu nishati, chagua kulingana na nyumba yako, si kulingana na tangazo. Taa za kuchajiwa kwa waya ndizo bora kwa wengi, kwa kuwa mwenye simu tayari ana chaja, na nyumba nyingi zisizo na stimu zina sola ndogo, za M-KOPA, d.light na nyinginezo, zenye tundu la kuchajia simu. Hakikisha tundu la taa linaingia waya uleule wa simu yako. Waya wa aina yake ukipotea, taa imekufa. Piga hesabu ya saa: anayewasha taa kwa muda wa saa moja jioni na saa moja alfajiri kwa siku tano anahitaji saa kumi kwa wiki. Taa inayodumu saa kumi au zaidi ikiwaka mfululizo unaweza kuichaji siku moja maalumu, Ijumaa au Jumapili, na kuiondoa kwenye mawazo. Inayodumu saa tatu itakuangusha katikati ya wiki. Penda taa yenye kitaa kidogo cha kuonya chaji inapokwisha, na yenye tabia ya kushuka mwanga na kuendelea kuwaka kwa muda, badala ya kukata ghafla.

Usiichaji juu ya mabati kando ya paneli, wala kuiacha kwenye baiskeli juani mchana kutwa. Betri za lithiamu huchakaa haraka kwa joto, na plastiki nyeusi kwenye jua la saa nane huwa moto kuliko hewa inayoizunguka. Itoe, weka mfukoni. Utakuwa pia umemnyima kazi mwizi.

Anayeishi mbali na chaji, tuseme huko kuelekea Merti, atafanya vizuri na taa ya betri ndogo za kawaida za AAA, zinazopatikana karibu kila duka. Zile za bei ya chini kabisa huvuja kwenye joto na kutia kutu shaba za ndani, kwa hiyo zitoe ikiwa hutapanda kwa wiki kadhaa. Taa za betri za kifungo, zile bapa kama sarafu, ningeziacha. Mwanga wake ni hafifu, betri zake hupatikana zaidi kwa mafundi saa mjini, na mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo lake la chakula ndani ya saa mbili. Hilo likitokea ni kukimbilia hospitali bila kungoja dalili.

Dainamo nayo isidharauliwe. Haihitaji chaji wala duka. Kasoro yake kubwa, kuzima unaposimama, imetibiwa katika taa mpya zenye kihifadhi umeme kinachoziwasha dakika kadhaa baada ya gurudumu kusimama. Wadenmaki walikwenda mbali zaidi: katika mji wa Odense, kuanzia mwaka 2004, waendeshaji 3,845 walishiriki jaribio la taa zinazowashwa na sumaku za kwenye spoku, zinazowaka muda wote gurudumu linapozunguka, mchana na usiku. Waliopewa taa hizo walipata ajali za kujeruhi kwa asilimia 19 pungufu kuliko wasiopewa. Nadhani siri kubwa ya taa hizo ni kwamba hakuna aliyeweza kusahau kuziwasha.

Kuna na rada siku hizi. Garmin wanauza taa ya nyuma iitwayo Varia, inayotambua gari likiwa mita 140 nyuma na kukuonya. Ni kifaa cha ajabu na bei yake ni ya ajabu pia. Mwenye uwezo na anayefanya mazoezi marefu kwenye A2 anunue. Mjini italia mpaka uizime.

Usinunue taa ukasahau kiakisi. Kile chekundu cha plastiki kinachokuja na baiskeli hakina betri ya kwisha, na kikiwa safi hurudisha mwanga wa gari palepale ulipotoka. Nunua pia kipande cha utepe wa kuakisi kwenye maduka ya vipuri, kama ule unaobandikwa nyuma ya malori, ubandike kwenye madigadi, kwenye pedali na, ukiweza, funga mkanda wake kwenye vifundo vya miguu. Watafiti wa Queensland, Australia, walionyesha kwamba madereva humtambua mwendesha baiskeli usiku vizuri zaidi akiwa na viakisi kwenye vifundo na magoti, kwa sababu nukta zinazopanda na kushuka kwa mdundo wa miguu huliambia jicho kwamba huyo ni binadamu. Jaketi la njano la bodaboda, kwa upande mwingine, hung'aa kwa mwanga wa jua. Usiku ile njano haina msaada; kinachokuokoa ni mistari yake ya fedha, ikiwa haijafuliwa mpaka ikachanika.

Dukani sasa, iwe ni hapa mjini, Meru, Nanyuki au unapopokea mzigo ulioagiza Jumia. Iwashe, kisha ipige kiasi kwenye kiganja mara kadhaa. Ikizima au kubadili hali, rudisha: tuta la kwanza litafanya hivyohivyo. Bonyeza swichi: iwe ngumu kiasi cha kutojiwasha ndani ya mfuko. Izime na kuiwasha tena uone kama inakumbuka hali uliyoichagua. Taa yenye hali saba isiyokumbuka itakusumbua kila jioni mpaka uridhike na hali yoyote. Inunue jioni ikiwezekana, au omba ruhusa ya kuirudisha.

Jaribio la kweli ni la nyumbani. Funga taa mahali pake, funga mzigo wako wa kawaida, mpe ndugu au jirani baiskeli aishike wima kando ya njia iliyonyooka, mbali na lami. Hesabu hatua 300 ukienda nyuma, ugeuke utazame. Chutama kidogo, uwe kwenye usawa wa dereva wa gari dogo. Kisha panda juu ya kitu, uwe dereva wa lori. Sogea kulia na kushoto. Unachotafuta ni nukta nyekundu isiyokulazimisha kuitafuta. Ukiipata, rudi mpaka hatua 20 uone kama inakuumiza macho. Ikiumiza, ishushe hali. Na ukiwa safarini, nyoosha mkono nyuma mara mojamoja, kiganja kikiwa nyuma ya taa. Kiganja kikiwa chekundu, endelea.

Mkipanda wawili au watatu, mwenye taa kali awe wa mwisho, na walio mbele washushe zao. Kumfuata mwenzako mwenye lumeni 100 kwa kilomita kumi ni adhabu.

Na taa ikizima njiani bila ya akiba, usitumie tochi ya simu kama taa ya nyuma. Mwanga mweupe mgongoni mwako utamwambia dereva kwamba unakuja wakati unakwenda. Shuka. Toka kwenye lami, vuka upande wa kulia kama mtembea kwa miguu, uso ukielekea magari yanayokuja, usukume baiskeli. Hapo tochi nyeupe ya simu inafaa: imulike chini mbele ya miguu yako, dereva aione angali mbali, na wewe uone kama kuna punda aliyelala.